Siku Mwalimu Atuganile Alipobebwa na Mkwewe

Miaka mitano ilikuwa imepita tangu Mwalimu Atuganile astaafu, na bado watu wa Wazo walimwita Mwalimu. Wanaume waliokaa kucheza drafti kando ya njia walishusha sauti akipita, na fundi cherehani wa mtaa, ambaye hakuwahi kukanyaga darasa lake, alisimama kumwamkia. Alikuwa amefundisha baiolojia miaka thelathini na mmoja, saba ya mwisho akiwa makamu mkuu wa shule. Marehemu mumewe, Mzee Gibson, alikuwa karani wa mahakama, na alizikwa bila mtu hata mmoja kuwa na neno baya la kunong'ona msibani.

"Jina la ukoo ni shuka jeupe," Mwalimu alizoea kuwaambia wanawe. "Anayelichafua ni mmoja, wanaolilalia ni wote."

Kwa hiyo binti yake Bupe alipomleta mchumba aitwaye Azzam, mwenye duka la jumla kule Mabibo, mtoto wa Waarabu wa Temeke ambao babu yao alianza kwa kuuza kahawa na halua, Mwalimu alinyamaza siku tatu. Hakukataa. Mtu aliyesoma hamkatai mkwe kwa ajili ya asili yake au dini yake, na hilo alikuwa amewafundisha watoto wa watu wengi mno kiasi kwamba asingeweza kulikana kwa mwanawe. Ndoa ikafungwa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake, na Mwalimu akavaa gauni la zambarau na kutabasamu kwenye picha zote. Ila kanisani wenzake walipomuuliza mkwe anafanya kazi gani, alijibu, "Yuko kwenye biashara," kisha akauliza habari za kwaya.

Tena kwao Rungwe mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mwalimu alipokuwa mtoto alimwona mama yake akiacha njia na kuchuchumaa kwenye migomba, uso ameuficha, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa anapita. Ukoo wao uliipeleka heshima hiyo mbali zaidi, ukaishika kwa wakwe wote, wa kike na wa kiume. Mama mkwe hampi mkwewe mkono. Hali naye meza moja. Mkwe akitaka hilo lilegezwe kidogo, analeta kuku na kitenge, wazee wanakaa, wanasema maneno yao, ndipo wanaweza kusalimiana kama watu. Azzam hakuleta, kwa kuwa hakuna aliyemwambia, na Mwalimu hakuona kwamba ni kazi yake kumwambia.

Kwao Azzam mambo yalikuwa kinyume. Mama wa mke ni mama. Mtu anambusu mkono na utosi. Siku ya kwanza alipoinama kuushika mkono wa Mwalimu, Mwalimu aliurudisha nyuma kama aliyeona moto. Bupe akamweleza mumewe usiku ule, na tangu hapo, kwa miaka saba, Azzam alisimama mlangoni, akasema, "Shikamoo mama," Mwalimu akaitikia, "Marahaba," akitazama sakafu, akaenda zake jikoni.

Safari ya baharini ililetwa na Tupokigwe, mtoto wa Bupe, aliyekuwa na miaka sita na aliyekuwa amewachosha watu wote kwa habari za pengwini. Alikuwa amewaona kwenye katuni. Alitembea kama wao, alilala kama wao, na alikataa kula kitu chochote isipokuwa samaki. Azzam akasikia kwamba kuna waongozaji Kunduchi wanaopeleka watu kwa boti hadi kisiwa cha Mbudya, wakiwaonyesha kasa, pomboo na ndege wa baharini, na mwezi wa nane hata nyangumi wakibahatika. Akaweka nafasi kwa familia nzima, bibi wote wawili wakiwamo.

"Mie siendi," Mwalimu alimwambia Bupe kwenye simu. "Boti ni kitu kidogo. Nitakaaje na mkwe mle?"

"Mama, boti ina viti kumi na viwili. Wewe utakaa mbele, yeye nyuma. Kwani amesema akupakate?"

"Shika adabu yako."

"Nimeshika, mama. Basi njoo kwa ajili ya Tupo. Nani atamweleza habari za hao wadudu kama siyo wewe?"

"Pengwini ni ndege," Mwalimu akasema, na hapo Bupe akajua kwamba mama yake atakuja.

Walikutana Kunduchi Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yamejaa, na boti ikasogezwa karibu kabisa na ngazi, wakapanda bila kulowa. Bi Wahiba, mama yake Azzam, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, alivaa baibui jeusi na juu yake kanga ya kijani, akaketi ubavuni mwa Mwalimu bila kuuliza. Azzam alikwenda mwenyewe kukaa nyuma karibu na mashine, akageukia bahari.

Mwongozaji aliitwa Rogers, mwanaume wa makamo mwenye kofia iliyopauka kwa chumvi. Kabla hata hajamaliza kuwafunga majaketi ya kuokolea, Tupo alimshika suruali. "Pengwini wako wapi?"

"Pengwini?" Rogers alikuna shingo. "Walitoka juzi, mdogo wangu, lakini wamekwama foleni ya Mwenge."

Watu wakacheka. Mtoto hakucheka, akamgeukia bibi yake.

"Pengwini wanaishi kwenye barafu tu, bibi," Rogers akaongeza kwa upole. "Huku kwenye joto hawawezi."

"Hapana," Mwalimu akasema. Sauti ya darasani ilimjia yenyewe. "Hata Afrika wapo. Wako Namibia na Afrika Kusini, wanataga kwenye mchanga, na jua linawapiga kama linavyotupiga sisi. Kinachowafikisha huko ni mkondo wa maji baridi unaotoka kusini. Pwani yetu haina mkondo huo, ndiyo maana hawafiki."

"Mwalimu, umetisha," Rogers akasema. "Leo kumbe mie ndio mtalii."

Yakawa masaa mazuri kuliko alivyotegemea. Walimwona kasa akitoa kichwa, akavuta pumzi, akazama. Wakaona pomboo watatu kwa mbali, na Bi Wahiba akawasomea dua kana kwamba ni jamaa zake wanaosafiri. Kwenye fungu la mchanga nje ya kisiwa walikuta ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu, wakitembea taratibu wakiokota kaa. Rogers akamwambia Tupo kwamba hao ndio pengwini wa Dar, wamepungua unene kwa sababu ya maisha. Tupo akawakubali.

"Hao wanataga wapi?" sauti ya Azzam ikauliza kutoka nyuma, kwa Rogers.

Rogers hakujua. Mwalimu alijibu akiwa ameyakazia macho maji yaliyo mbele yake. "Wanachimba mashimo mchangani, wanataga ndani yake. Lakini si huku. Wanakwenda kutagia kaskazini, pwani za Waarabu na Somalia, kisha wanarudi."

"Kumbe ni ndugu zetu," akasema Azzam, na Bi Wahiba akacheka mpaka boti ikatikisika. Mwalimu naye alijikuta anatabasamu. Katika miaka saba, hayo yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote waliyowahi kuwa nayo.

Nyangumi hawakumwona.

Waliporudi mchana maji yalikuwa yametoka; ilikuwa siku ya bamvua, na siku hizo maji yakitoka yanatoka kweli. Ngazi waliyopandia asubuhi ilikuwa imebaki juu ya matope. Boti ikasimama mbali, mahali maji yanapofika mapajani, na Rogers akatangaza kwamba wao wawili, yeye na nahodha, watawabeba akina mama mgongoni mpaka mchangani, kwa sababu chini kuna mawe na viumbe wenye miba. Bi Wahiba alipanda mgongoni kwa Rogers akisema, "Ukiniangusha nakutoza mahari." Bupe alibebwa na nahodha. Azzam akamchukua mtoto mabegani, akaenda, akamwacha mchangani, akarudi kuchukua mizigo.

Mwalimu alikataa kubebwa. Tangu Mzee Gibson afariki hakuna mwanaume aliyemgusa zaidi ya daktari, na hakutaka kuanzia ufukweni mbele ya watu waliokaa kwenye viti vya plastiki wakinywa madafu. Alivua viatu, akakunja gauni kwa mkono mmoja, akashuka mwenyewe. Alikwenda hatua kumi na kitu vizuri sana. Kisha jiwe likateleza chini ya unyayo wake.

Alianguka chali. Maji yalimfunika, yakamwachia, yakamfunika tena. Jaketi lilimwinua kifua huku miguu ikitafuta chini na kukosa. Wigi lilimtoka. Gauni lilipanda mpaka kiunoni likaelea kumzunguka. Akamsikia kijana mmoja ufukweni akipiga kelele kwa furaha, "Oyaa, nyangumi huyo! Si mlikuwa mnamtafuta?" na wenzake wakaangua kicheko.

Ndipo mikono miwili ikampita chini ya mgongo na chini ya magoti, akainuliwa kutoka majini. Kichwa chake kilichobaki na mvi fupi kilikuwa begani kwa mtu. Alipopangusa chumvi machoni akaona ndevu, na akatambua kwamba amebebwa na mkwewe, mapaja yake wazi juu ya mkono wa Azzam, mbele ya binti yake, mbele ya mjukuu wake, na mbele ya ufukwe mzima.

"Nimekushika, mama," Azzam alikuwa akisema, akihema. "Nimekushika. Usiogope."

"Bwana harusi huyo!" kijana yule akaita.

Mwalimu hakumjibu kijana yule. Yule hakumjua wala hakumhusu. Azzam alipomsimamisha mchangani, akimshikilia mabega asianguke tena, Mwalimu alimsukuma kifuani kwa viganja viwili.

"Nani amekuambia unishike? Nyinyi watu hamjui hata mkwe ni nini. Mmezoea kuuza tu. Hata adabu mnaipima kwa kilo."

Aliyasema kwa sauti ile ile ya darasani, inayofika mpaka dawati la mwisho. Azzam alirudi nyuma hatua mbili, mikono imening'inia, maji yakimtiririka. Bupe alisimama akiwa amemshika Tupo mkono, na uso wake ulikuwa umegeuka, anatazama upande wa magari.

Ni Bi Wahiba aliyesogea. Alivua ile kanga ya kijani, akamzungushia Mwalimu kiunoni, akaifunga fundo, akamshusha gauni lililokuwa limemganda mwilini. "Jifunike, dada," akasema kwa sauti ndogo. "Watu wanaona." Kisha akamshika mwanawe mkono wakaenda.

Nyumbani Mwalimu alioga mara tatu siku hiyo. Kilichomwuma, kama alivyojieleza mwenyewe, ni kubebwa. Alijiona tena na tena akiwa mikononi mwa yule mwanaume, kichwa wazi, mapaja wazi, na kila mara alihisi damu ikimpanda masikioni. Alimshukuru Mungu kwamba Mzee Gibson hakuwepo. Maneno aliyoyasema aliyaona kama mtu anavyopiga ukelele akiungua: ni ya maumivu, hayana hesabu.

Jumamosi iliyofuata Bupe hakuja. Iliyofuata hakuja pia. Alipopiga simu, alikuwa na sauti ya mtu anayezungumza na ofisi.

"Azzam amesemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Hajasema kitu, mama. Ndio tatizo lenyewe. Anakwenda dukani, anarudi, anacheza na Tupo. Jana Tupo alimuuliza, 'Baba, adabu ni shilingi ngapi kilo?' Sasa wewe niambie nimjibu nini mtoto."

"Mwambie bibi yake alikasirika."

"Bibi yake ni mwalimu," Bupe akasema. "Tupo amezoea kwamba bibi akisema kitu, ni kweli." Akakata.

Jumapili ile baada ya ibada, Mama Jesca, katibu wa umoja wa wanawake, alimshika mkono nje ya kanisa na kumvuta kando, wenzao watatu wakiwafuata. Mwalimu alijua amekwisha.

"Tulikuwa Kunduchi ile Jumamosi na shemeji yako," Mama Jesca alisema. "Tulikuona."

Mwalimu alitazama viatu vyake.

"Kumbe mkwe wako ni Mwarabu, na hukusema. Lakini ulimpa, dada. Ulimpa! Eti adabu mnaipima kwa kilo." Aligeukia wenzake. "Mngemwona alivyonywea. Hao watu wanahitaji kuambiwa. Wengine tunaogopa, lakini Mwalimu ana kisomo, anajua kulipanga neno."

Wale watatu wakacheka. Mmoja alimpigapiga Mwalimu mgongoni. Mwingine akarudia lile neno, kwa kilo, kama mtu anayeonja kitu kitamu.

Mwalimu alisimama katikati yao, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipomfikia. Ile ya ufukweni ilikuwa aibu ya ngozi. Hii iliingia ndani zaidi, kwa sababu alilisikia neno lake likitoka katika mdomo wa mtu mwingine, na akalitambua. Halikuzaliwa majini. Lilikuwapo tangu siku zile tatu za kunyamaza. Lilikuwapo kila aliposema, "Yuko kwenye biashara." Alikuwa amelivalisha mila za Rungwe miaka saba, akaliita heshima, na siku moja likatoka bila nguo.

Alitaka kuwaambia hivyo. Alisema tu kwamba jua ni kali, akaenda nyumbani.

Jumanne alivaa gauni la kijivu, akafunga kitambaa kichwani, akaenda Mabibo. Hakuwahi kufika kwenye duka lile hata siku moja. Njiani alikuwa ameipanga hotuba yake: ataomba wazungumze faragha, atasema maneno machache yenye uzito, jambo litakwisha baina ya watu wazima, na hakuna zaidi yao wawili atakayejua.

Duka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na mama ntilie wanaochukua mchele, wenye magenge wanaochukua sukari, dereva wa bajaji anayepakia mafuta. Azzam alikuwa nyuma ya mizani na kikombe cha kuchotea mkononi. Alipomwona, aliweka kikombe chini, akainamisha macho, akasogea nyuma ya lundo la magunia mpaka likawa kati yao.

"Shikamoo mama. Karibu," akauambia ukuta. "Bupe hayupo."

"Marahaba. Nimekuja kwako." Akanyoosha mkono juu ya meza ya duka. Kwa miaka saba alikuwa hajafanya hivyo.

Azzam aliutazama ule mkono, kisha akaweka wake mgongoni.

"Hapana, mama. Nilikosea mara moja, inatosha."

Hakulisema kwa kisasi. Alilisema kama mwanafunzi aliyeshika somo. Mkono wa Mwalimu ulibaki juu ya meza peke yake.

"Mama, kama hununui tupishe," mama ntilie mmoja akasema nyuma yake. "Sie wateja wetu wanakula saa saba."

"Naomba tuzungumze pembeni," Mwalimu akamwambia Azzam.

"Pembeni, mie na wewe wawili?" Kwa mara ya kwanza alionekana kuchanganyikiwa kweli. "Si ndio mwiko wenyewe huo, mama? Bupe alinifundisha. Mkwe hakai peke yake na mama mkwe."

Alikuwa sahihi. Hapakuwa na pembeni. Mwalimu aliurudisha mkono wake, akatazama wateja, wote wakimtazama. Angeweza kununua sukari akaondoka, na hakuna ambaye angejua alikuwa nani. Alifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka baadaye kukubali.

"Naitwa Atuganile," akasema. "Ni mama mzazi wa mke wa huyu. Nilianguka baharini akaniopoa, na mimi nikamtukana, yeye na mama yake na ukoo wake, mbele ya watu. Nilisema adabu wanaipima kwa kilo. Siyo kweli. Asiyekuwa na adabu pale nilikuwa mimi."

Dereva wa bajaji aliyekuwa ameinua dumu alilishusha polepole. "Kwa kilo?" mama ntilie akanong'ona, mtu akacheka kidogo, akajikohoza.

"Yameisha, mama," Azzam akasema, macho bado kwenye magunia.

"Na mama yako?"

"Mama alikusamehe palepale." Alisita. "Mie ndio bado kidogo. Nisikudanganye."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa.

"Kwenu mnaliondoaje jambo kama hili?" Azzam akauliza. "Kuna utaratibu? Niambie niufuate."

Mwalimu alipekua kichwani kila alichofundishwa na mama yake na bibi yake. Ulikuwapo utaratibu wa mkwe aliyekosa, wenye kuku na kitenge na wazee wa kuketi. Wa mama mkwe aliyekosa haukuwapo. Waliotunga mila hawakufikiria kwamba mama mkwe anaweza kuwa ndiye mkosaji, au walifikiria, wakanyamaza.

"Sijui, baba," akasema. Hakukumbuka ni lini aliwahi kusema neno hilo mbele ya watu.

Azzam akavuta kiti cha plastiki, akakisukuma kwa mguu kikapita kando ya magunia mpaka upande wa wateja, akarudi kwenye mizani yake.

"Basi kaa kwanza," akasema.

Akakaa. Wateja waliingia na kutoka, na kila aliyeingia alinong'onezwa na aliyemtangulia yule mama wa kwenye kiti ni nani na alisema nini. Mwalimu alisikia kila mara. Uso ulimwaka mpaka machoni, na hakuinuka.